Gauni la mama kuwa kaftani: namna ya kulifumua na kulishona upya

Nyumba nyingi za pwani ya kusini, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, zina sanduku lenye gauni ambalo halivaliwi wala halitolewi. Ni la mama au la bibi. Lilishonwa kwa ajili ya harusi fulani au Idd fulani, mabega yamewekwa sponji, mikono imejazwa, kiuno kimebana, na binti aliyelirithi halimpiti kifuani. Mwongozo huu ni wa binti huyo. Unaeleza namna ya kuligeuza gauni hilo liwe kaftani ya kuvaa kwenye harusi, Idd au siku ya kumtoa mwali, likisaidiwa na doti moja ya kanga.

Kwa nini kaftani? Kwa sababu ni vazi la heshima huku kwetu, halibani, na mshono wake ni wa vipande vilivyonyooka. Kitambaa kilichozeeka hakivumilii kuvutwa. Ukikishona gauni la kubana la solo, yaani la vipande vyembamba vinavyofuata mwili, kitapasuka makalioni siku ya kwanza utakapoketi mkekani.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya yote. Magauni mengi ya aina hii huharibika mikononi mwa mafundi hodari kabisa, kwa sababu mteja amefika na picha ya mshono kwenye simu na fundi amekata kitambaa kifuate picha. Kazi hii inaanzia upande mwingine: kitambaa kikaguliwe, kifumuliwe, kipimwe, kisha mshono uchaguliwe kutokana na kilichopatikana. Picha acha nyumbani.

Ruhusa kabla ya mkasi

Kama mama yupo hai, muulize, na umuulize ukiwa umelishika gauni mkononi ili alione. Wapo wanaofurahi, wapo wanaosema waziwazi kwamba bado wanalitaka lilivyo. Akisita, mpe muda. Akikubali, mwombe akuhadithie: kitambaa kilinunuliwa wapi, nani alishona, lilivaliwa siku gani. Masimulizi hayo yatakusaidia hata kiufundi, kwa sababu ukijua kitambaa ni cha miaka gani, unaanza kukisia ni cha aina gani. Pamba nyingi ya miaka ya 1970 ilitoka viwanda vyetu wenyewe, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza kazi 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ilikuwa adimu nchi nzima, na huku kusini ilikuwa adimu zaidi: Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa 2003, na kabla ya hapo bidhaa za Dar zilingoja kivuko, au zilikuja kwa meli. Gauni la wakati ule lilikuwa mali, na mwenye nalo alilitunza hivyo.

Kama mama ametangulia mbele ya haki, gauni hilo ni la watoto wote mpaka itakapokubaliwa vinginevyo. Waite ndugu zako, wajulishe mashangazi na mama wadogo. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao ukoo wao umefuata upande wa mama tangu zamani, neno la mjomba nalo lisirukwe. Mkubaliane pia juu ya mabaki, maana dada yako anaweza kutaka kipande tu cha kushonea kilemba, na ni rahisi kumwekea sasa kuliko baadaye.

Kukagua kitambaa

Toa gauni asubuhi, lianike kivulini penye upepo, siku nzima. Kisha lishike mbele ya dirisha, mwanga upite ndani yake. Utaona mambo ambayo juu ya meza hayaonekani: vitundu vya wadudu, sehemu zilizokonda, mistari ya mikunjo iliyokaa miaka mingi ndani ya sanduku. Mstari wa mkunjo ndio hatari, kwa sababu nyuzi zake zimekatika kidogokidogo bila mtu kujua.

Kisha vuta. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu, vuta taratibu kwa urefu, halafu kwa upana. Fanya hivyo kwapani, mgongoni, makalioni na karibu na upindo wa chini. Kikitoa sauti ya kukatika kwa nyuzi, sehemu hiyo haifai kubeba uzito. Kama kinachanika kama karatasi kila mahali, achana na wazo la kaftani. Chukua kipande kilicho kizima, kishonee juu ya kitambaa kipya kifuani, na hapo utakuwa umefanya la kutosha.

Ili kujua kitambaa ni cha aina gani, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani, uzichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua haraka, hunuka karatasi, huacha jivu laini. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Tetroni (polyesta) na satini nyingi za madukani huyeyuka na kuacha kitonge kigumu cheusi. Haya yanaamua mambo mengi baadaye: joto la pasi, aina ya sindano, na kama utaweza kulifukiza udi bila wasiwasi.

Madoa, na lile la bibo

Kutu ya pini au ya sanduku la bati hutoka kwenye pamba nyeupe kwa ndimu na chumvi: kamulia, nyunyizia, weka juani, suuza, rudia. Usitie jiki kwenye kutu, inalifanya doa likae zaidi. Ukungu mweusi hupungua kwa kufua na kuanika juani, lakini hautoki wote. Hariri na satini usizisugue na chochote. Zifue kwa maji baridi na sabuni laini, uzikamue kwa kuzibana ndani ya taulo.

Doa la maji ya bibo, tunda la mkorosho, ni suala jingine. Aliyekulia kwenye mikorosho anajua kwamba bibo likidondokea nguo, rangi ile ya kahawia inabaki. Usihangaike kuliondoa, utachosha kitambaa bure. Lizungushie uzi wa rangi ili ulikumbuke, na kwenye kupanga vipande uamue kama litakatwa au litafunikwa na nakshi.

Kwapani mwa magauni ya zamani jasho limekula rangi na nguvu ya nyuzi. Hesabu sehemu hiyo kama haipo.

Kufumua

Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo nakuomba utulie. Gauni lifumuliwe lote, mshono kwa mshono, mpaka lilale mezani vipande vipande. Fundi atakuambia ni haraka zaidi kukata pembeni mwa mishono. Ni kweli ni haraka, lakini kila mshono wa zamani umeficha kitambaa cha ziada cha nusu inchi hadi inchi nzima, na kwenye upindo wa chini inchi mbili au tatu. Jumla yake ndiyo itakayoamua kama kaftani itafika kifundo cha mguu au itaishia kwenye ugoko.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Tumia kijisu cha kufumulia au ncha ya sindano nene. Wembe uache, unateleza. Kata uzi kila baada ya nukta tatu au nne za mshono upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili, utatoka mrefu. Usiachanishe vitambaa viwili kwa kuvivuta. Kila kipande kinachotoka kiandikie karatasi ndogo: mbele kulia, mgongo, sketi ya mbele, mkono. Vifungo na zipu vitie kwenye mfuko mmoja.

Ukimaliza utaona vitu viwili. Cha kwanza ni vitundu vya sindano. Kwenye pamba hujifunga vikifuliwa na kupigwa pasi ya maji. Kwenye satini vinabaki, kwa hiyo panga mishono mipya ipite palepale au ifunikwe. Cha pili ni ukanda wa rangi mbichi pale upindo ulipokuwa umekunjwa. Jua halikuufikia. Ndiyo rangi ya kweli ya gauni siku lilipotoka kwa fundi, na wengi wakiiona hunyamaza kwanza. Ukanda huo utaonekana kama mstari kwenye vazi jipya, basi uuwekee utepe wa nakshi, au uugeuze kuwa upindo wa shingo ili upate kuonekana.

Sasa pima. Sketi ya marinda ndiyo bahati, kwa sababu ukiyafungua marinda unapata upana mzima wa kitambaa. Sketi ya mwavuli hutoa kitambaa kingi, lakini nyuzi zake zimekaa mshazari na zitarefuka. Vitundike vipande hivyo siku mbili kabla ya kukata. Sketi ya solo hutoa pembetatu nyembamba tu, na hapo utahitaji kanga zaidi.

Kuchagua kanga

Doti moja inatosha. Kila kanga ina urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa karibu mita 1.1, na ndani yake kuna pindo (mpaka wa pembeni), mji (eneo la katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Nenda nayo dukani sampuli ya kitambaa cha zamani, na uitoe nje ya duka uangalie rangi kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa taa za ndani hudanganya. Chukua rangi inayopatikana ndani ya gauni lenyewe, hata kama ni ya ua dogo.

Epuka kanga yenye ua moja kubwa katikati ya mji, kwa sababu tutaikata nusu kwa urefu na ua litagawanyika. Ya vidoto, ya korosho au ya maua madogo yaliyotawanyika inafaa zaidi. Jina nalo lisome vizuri. Hili litakuwa vazi la mama. Kanga za vijembe zina mahali pake, ila hapa tafuta neno kama «Wema hauozi», neno ambalo hata bibi aliyeketi mstari wa mbele atalisoma na kuitikia.

Kanga mpya ina wanga na rangi iliyolegea. Ifue peke yake, mara mbili, kisha bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Kikibaki cheupe, endelea. Bitana nayo ifuliwe kabla. Nunua poplini ya pamba, maana bitana ya kuteleza huku kwetu, kwa joto la Machi, ni kujifunga ndani ya nailoni.

Fundi, na wakati wa kumfuata

Mafundi wa Mtwara na Lindi wengi wanakaa na cherehani vibarazani mwa maduka ya vitambaa. Tafuta anayekubali kazi za kurekebisha, sio anayejulikana kwa mishono mipya tu. Mpe kipande kimoja kisicho na maana, mwambie afumue mshono, umwangalie mikono. Uliza pia kama oveloku yake, mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, ina kisu kinachoweza kuzimwa, kwa sababu kisu kile kikipita kwenye kitambaa chako kinakula robo inchi kila upande.

Wakati ni nusu ya kazi. Minada ya korosho inapoanza, kuanzia Oktoba, fedha zinaingia vijijini Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, harusi zinafuatana na cherehani hazilali. Likizo za Juni na Desemba zina ngoma za unyago na sare zake. Ukitaka vazi la Desemba, peleka Agosti. Toa tarehe ya kuchukua iliyo wiki mbili kabla ya shughuli yenyewe.

Maelewano yawe wazi tangu mwanzo:

«Fundi, nimekuja na gauni la marehemu mama. Nimeshalifumua, hivi hapa vipande kumi na vinne. Tuvihesabu pamoja.»

«Nimeona, dada. Pole. Mshono gani?»

«Kaftani. Sijaja na picha. Nataka tuvipange mezani kwanza, kisha uniambie vinatosha vipi. Na chochote kitakachobaki, hata cha upana wa kidole, nitakichukua.»

Vipige picha vikiwa vimetandazwa, mwandikiane idadi, bei, kianzio na tarehe. Malipo ya kazi kama hii huzidi ya kaftani mpya, na ni haki yazidi, kwa sababu fundi anachukua muda mrefu zaidi na hawezi kurudi dukani kununua kitambaa kingine akikosea.

Kupanga na kukata

Kanuni yenyewe ni hii: kitambaa cha mama kiwe uso, kanga na bitana viwe mifupa. Kila mahali panapovutwa, yaani bega, kwapa, ubavu na makalio, pabebwe na kitambaa kipya. Cha zamani kikae katikati ya mbele na katikati ya mgongo, kikiegemea bitana yote chini yake.

Kipande cha katikati kiwe na upana wa inchi 16 baada ya kushonwa, kwa hiyo kata inchi 17. Urefu ni kuanzia bega hadi kifundo, ongeza inchi 2 za upindo. Sketi ya gauni la zamani mara nyingi haifiki urefu huo peke yake, na haina haja: sehemu ya juu utaijaza na kifua cha gauni lenyewe. Hapa nina msimamo ambao sitauacha. Kama gauni lilikuwa na safu ya vifungo kifuani, au kola, au lesi ya shingo, kibakishe kizima mahali pake. Aliyemjua mama akikuona unaingia ukumbini atambue bila kuambiwa. Kiungo cha kifua na sketi kitaangukia kiunoni. Kifunike kwa utepe wa nakshi au darizi ya mkono.

Kanga zikatwe kila moja katikati kwa urefu, upate vipande vinne vya mita 1.5 kwa sentimita 55. Nusu mbili za kanga ya kwanza ni ubavu wa mbele, kulia na kushoto. Za kanga ya pili ni ubavu wa nyuma. Pindo liwe upande wa nje siku zote, literemke na mkono hadi chini. Inchi 21 kila upande ni nyingi na zitakufikisha karibu na viganja. Ukitaka mikono iishie kwenye kiwiko, punguza mpaka zibaki inchi 15, lakini punguza upande wa ndani, kwenye mji, ili pindo lisiguswe. Kumi na sita na kumi na tano mara mbili inakupa inchi 46 kutoka mkono hadi mkono.

Jina litasimama wima upande mmoja wa mbele na upande mmoja wa nyuma. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi huona ni vizuri zaidi kulikata la kanga moja na kisanduku chake, likashonwa likiwa limelala juu ya upindo wa nyuma, asomaye asome bila kupinda shingo. Lisikatwe katikati ya neno kwa hali yoyote.

Kabla mkasi haujagusa cha mama, fundi akate mfano kwa marekani au shuka kuukuu la mtumba, akupigie bandi, yaani mshono wa muda, uvae. Mfano huo unagharimu kidogo, na ndio pekee unaoruhusiwa kukosewa.

Kwenye kushona, sindano iwe mpya: namba 11 kwa satini na hariri, 14 kwa pamba. Nukta za mshono ziwe ndefu kidogo, milimita 2.5 hadi 3. Nukta fupi hutoboa kitambaa cha zamani mfululizo kikachanika kama stempu. Cha zamani kipigwe bandi juu ya bitana pembeni zote kabla ya kuunganishwa na kanga, viwe kama kitambaa kimoja. Mishono ya ndani ya kaftani inayochora mbavu ipite kwenye kanga tu.

Kujaribu

Mara ya kwanza vaa ikiwa na bandi, na nguo za ndani na viatu vya siku hiyo. Inua mikono yote miwili juu. Keti mkekani, miguu umeikunja, kisha simama bila kushikwa. Kama ni vazi la kumtoa mwali, jifunge kanga kiunoni na ucheze kidogo hapohapo kibarazani. Ngoma inataka nyonga, na ni afadhali mshono ulalamike mbele ya fundi kuliko mbele ya kina somo. Mara ya pili ni ya upindo wa chini. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni, kwa sababu ukiinama mwenyewe urefu unabadilika.

Pasi, udi na sanduku

Pasi ya mkaa ipulizwe majivu nje, na kati yake na vazi kuwe na kitambaa cha pamba chenye unyevu. Satini ya tetroni ipigwe upande wa ndani, pasi ikiwa vuguvugu. Udi ufukizwe vazi likiwa juu ya tenga na chetezo chini, mbali; kama nyuzi zako ziliyeyuka kwenye jaribio la kiberiti, fukiza kanga utakayofungia na uache moshi wake uingie polepole.

Masika yetu ya Desemba hadi Aprili ndiyo msimu wa ukungu. Usitundike kaftani kwa kiango muda mrefu, mabega yataburutwa na uzito. Ikunje ndani ya kanga kuukuu iliyofuliwa, ibadilishie mistari ya mikunjo kila unapoitoa, na uianike kivulini siku zenye jua. Kafuri zitiwe kwenye kifuko, zisiguse kitambaa.

Mabaki yagawanywe kama mlivyokubaliana. Wewe bakiza vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja na uzi wa rangi ileile, uvitie mfuko mmoja na vifungo vya ziada, ndani ya sanduku hilohilo. Ndivyo vitakavyotumika kuziba siku kitambaa kitakapoachia, na fundi wa siku hiyo hatakuwa na pengine pa kuvipata.